Shajara ya mradi: kuhamisha kikoa na kutatua makosa ya kuongeza rekodi za DNS

Jumatatu: kabla ya kugusa rekodi yoyote

Kazi ya mradi huu ni kuhamisha rekodi zote za kikoa chetu kutoka kwenye seva za majina za zamani hadi kwa mtoa huduma mpya, kisha kuongeza rekodi za tovuti, barua pepe na vyeti vya usalama, bila tovuti kuzimika wala barua kupotea. Katika shajara hii kikoa nakiandika kama mradi.example, na anwani za IP nazichukua katika mafungu ya 192.0.2.0/24 na 2001:db8::/32, ambayo yametengwa kwa ajili ya mifano, ili atakayefuata hatua hizi asije akanakili anwani ya mtu mwingine bila kujua.

Nimeweka kanuni moja ya kutuongoza: kosa lolote likitokea, kwanza tujue limetokea katika ngazi gani. Rekodi ya DNS, yaani mfumo unaotafsiri majina ya mtandaoni kuwa anwani na taarifa nyingine, hupitia ngazi nne kabla ya kumfikia mtumiaji. Ya kwanza ni paneli ya usimamizi, ambayo hupokea au kukataa tulichoandika. Ya pili ni seva yenye mamlaka juu ya zoni (kusanyo la rekodi zote za kikoa), ambayo ndiyo hutoa jibu rasmi. Ya tatu ni kikoa mzazi, kilicho juu ya chetu katika mti wa majina, ambacho huwaelekeza wanaouliza kwenye seva hizo. Ya nne ni rizolva, yaani seva inayotafuta majina kwa niaba ya watumiaji na kuyahifadhi majibu kwenye akiba yake. Ushauri uliozoeleka, wa kusubiri saa 48 ili mabadiliko yasambae, huchanganya ngazi zote hizi, na kwa maoni yangu umewapotezea watu muda mwingi mno, kwa sababu hakuna kinachosambazwa: rizolva haijulishwi chochote, bali huuliza upya pale tu muda wa jibu ililonalo unapokwisha. Rekodi isiyokuwepo kwenye seva yenye mamlaka haitaonekana hata tukisubiri wiki nzima.

Kwa hiyo kila rekodi itaulizwa mara mbili kwa dig, programu ya kuuliza DNS, kwanza kwa seva yenye mamlaka moja kwa moja, kisha kwa rizolva ya kawaida, kama hapa kwa SOA, rekodi inayobeba taarifa za zoni yenyewe:

dig @ns1.mtoahuduma.example mradi.example SOA +norecurse
dig mradi.example SOA

Katika jibu la amri ya kwanza tunatafuta alama ya aa, ambayo huthibitisha kwamba seva inajibu kwa mamlaka yake yenyewe. Majibu mawili yakitofautiana huku la kwanza likiwa sahihi, tatizo ni la akiba, na namba ya sekunde zilizobaki iliyoandikwa kando ya jibu la rizolva hutuambia hasa lini litakwisha. La kwanza likiwa na kosa, hakuna sababu ya kusubiri.

Jambo la mwisho kwa leo ni TTL, muda ambao rizolva inaruhusiwa kulitunza jibu. Rekodi nyingi katika zoni ya zamani zilikuwa na TTL ya 86400, ambayo ni siku nzima. Nimeishusha hadi 300 huko huko kwenye seva za zamani. Ni lazima lifanyike mapema, kwa sababu aliyelichukua jibu dakika moja kabla ya mabadiliko haya bado ana haki ya kulitunza kwa saa 24.

Jumanne asubuhi: CNAME inayokataliwa

Kosa la kwanza limetoka kwenye paneli. Mwongozo wa mtoa huduma wa tovuti ulitutaka tuongeze rekodi ya CNAME kwa mradi.example yenyewe, ielekezwe kwenye jina la seva zao. Paneli ilikataa ikieleza kwamba jina hilo tayari lina rekodi nyingine. Mwenzangu alipendekeza tufute rekodi zilizopo ili CNAME ipite, lakini hilo haliwezekani wala halipaswi kujaribiwa.

Rekodi ya CNAME hutangaza kwamba jina fulani ni lakabu tu, na kwamba habari zake zote zitafutwe kwenye jina jingine. Waraka wa RFC 1034, mmoja wa nyaraka za kanuni za intaneti, uliotolewa Novemba 1987, unasema kwamba penye CNAME pasiwepo data nyingine yoyote, ili habari za jina halisi na za lakabu zake zisipate kutofautiana. Waraka wa RFC 2181 wa mwaka 1997 uliisisitiza kanuni hiyo, na haina nafasi ya kulegezwa isipokuwa kwa rekodi za DNSSEC, mfumo wa kutia saini majibu ya DNS, zinazolinda jina lenyewe. Kilele cha kikoa, yaani jina la kikoa lenyewe bila kitu mbele yake, lazima kiwe na rekodi ya SOA na rekodi za NS, zinazotaja seva za majina, maana bila hizo zoni haipo. Kwa hiyo CNAME haiwezi kukaa kwenye kilele, na paneli ilikuwa sahihi kutukatalia. Zipo programu za seva ambazo huipokea rekodi hiyo bila kulalamika, na hapo matokeo huwa mabaya zaidi, kwa sababu rizolva iliyoitunza CNAME hiyo inaweza kuifuata hata inapotafuta MX, rekodi inayotaja seva ya barua, na barua zikaanza kukosa njia bila mtu kuelewa chanzo.

Tulichokifanya ni kuweka rekodi ya A (anwani ya IPv4) na ya AAAA (anwani ya IPv6) kwenye kilele, na kuiacha CNAME kwa ajili ya www:

mradi.example.      300  A      192.0.2.10
mradi.example.      300  AAAA   2001:db8::10
www.mradi.example.  300  CNAME  seva.tovuti.example.

Mtoa huduma wetu mpya ana pia njia ya lakabu ya kilele, ambapo seva zake huifuata lakabu zenyewe na kumrudishia muulizaji anwani za A na AAAA. Ni njia nzuri pale anwani za seva ya tovuti zinapobadilika mara kwa mara, ila si rekodi ya kawaida ya DNS, na zoni ikihamishwa tena haitakwenda nayo. Nimeamua tusiitumie. Aina ya rekodi iitwayo HTTPS, iliyowekwa na RFC 9460 mwaka 2023, inaruhusu kitu kinachofanana na hicho kwenye kilele, lakini si programu zote zinazoiuliza, kwa hiyo A na AAAA zingehitajika vilevile.

Rekodi ya www nayo ilikataliwa kwanza, kwa ujumbe ule ule. Zamu hii sababu ilikuwa ndani ya zoni iliyoingizwa kutoka kwa mtoa huduma wa zamani: www ilikuwa na rekodi ya A, na pia rekodi ya TXT, yaani ya maandishi huru, iliyowahi kuwekwa ili kuthibitisha umiliki wa tovuti na kusahaulika hapo. Ile A ilionekana mara moja kwenye paneli. Ile TXT ilikuwa mwishoni mwa orodha, chini ya makumi ya rekodi nyingine. Ujumbe wa namna hii ukitokea, inafaa kuchuja orodha kwa jina badala ya kwa aina, kwa sababu kinachogongana ni jina, na rekodi ya aina yoyote inatosha kuizuia CNAME.

Jumanne jioni: majina yanayojirudia

Rekodi ya MX iliyoingizwa ilionekana vizuri kwenye paneli, lakini seva yenye mamlaka ilipoulizwa ilitoa jibu hili:

mradi.example.  300  MX  10 barua.mradi.example.mradi.example.

Chanzo ni nukta iliyokosekana. Katika faili la zoni, jina lisiloishia kwa nukta huhesabiwa kuwa halijakamilika, na seva huliongezea jina la kikoa mwishoni. Jina barua peke yake husomwa barua.mradi.example, nalo barua.mradi.example lisilo na nukta husomwa kama ilivyo hapo juu. Nukta ya mwisho inawakilisha mzizi wa mti mzima wa majina, na ndiyo inayosema kwamba jina limekwisha.

Tatizo linakuwa gumu zaidi kwa sababu paneli hazifanani. Nyingine hutaka jina fupi tu katika kisanduku cha jina, na huongeza kikoa zenyewe. Nyingine hupokea jina kamili na kulitambua. Nyingine huikataa nukta ya mwisho kabisa, kisha huiweka zenyewe wakati wa kuhifadhi. Alama ya @ humaanisha kilele katika nyingi ya hizo. Sikuona haja ya kukisia paneli yetu inafuata utaratibu gani. Niliongeza rekodi ya majaribio, nikaliuliza jina sahihi na jina lililojirudia kwenye seva yenye mamlaka, na jibu likaonyesha wazi kwamba katika kisanduku cha jina tuandike fupi, na katika kisanduku cha lengo tuandike jina kamili lenye nukta. Rekodi zote zilizoingizwa zimepitiwa upya kwa kigezo hicho.

Jumatano: rekodi za barua pepe

Siku hii imekuwa ndefu, kwa sababu barua pepe inategemea rekodi za aina kadhaa na kosa katika moja huonekana kama kosa la nyingine.

Nilianza na MX. Rekodi hii hutaka jina la seva na haikubali anwani ya IP, na jina hilo lazima liwe na A au AAAA yake lenyewe bila kupitia CNAME. RFC 2181 inakataza waziwazi MX na NS kuelekezwa kwenye lakabu. Zoni ya zamani ilikuwa na barua.mradi.example kama CNAME. Barua zilikuwa zinafika kwa sababu seva nyingi za barua huvumilia hali hiyo, lakini kukosekana kwa malalamiko si hoja ya kuendelea nayo, kwa hiyo nimeigeuza kuwa A na AAAA. Namba ya kipaumbele nayo husomwa kinyume na matarajio ya wengi: iliyo ndogo hujaribiwa kwanza.

SPF imetuchukulia muda zaidi. Hii ni rekodi ya TXT inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa, na kanuni zake zimo katika RFC 7208 ya mwaka 2014. Kikoa kinaruhusiwa kuwa na rekodi moja tu inayoanza kwa v=spf1. Mtoa huduma wa barua alitupa maelekezo ya kuongeza rekodi, na huduma ya majarida ikatupa maelekezo kama hayo hayo, kila mmoja akiandika kana kwamba kikoa hakina mwingine. Tukizifuata nyaraka zote mbili kama zilivyo tunapata rekodi mbili, na seva inayopokea inalazimika kutoa hukumu ya kosa la kudumu, ambayo ni mbaya kuliko kutokuwa na SPF kabisa. Paneli haikuonya hata kidogo, kwa sababu kwa macho yake hizo ni TXT mbili za kawaida na TXT nyingi kwenye jina moja ni halali. Suluhisho ni kuziunganisha:

v=spf1 mx include:_spf.barua.example include:_spf.majarida.example ~all

Kuziunganisha pekee hakutoshi, kwa maana SPF ina kikomo cha maulizo 10 ya DNS wakati wa ukaguzi mmoja. Vipengele vya include, a, mx, ptr na exists huhesabiwa, na redirect pia. Ip4, ip6 na all havihesabiwi. Jambo linalosahaulika ni kwamba include iliyomo ndani ya include nyingine huhesabiwa vilevile, kwa hiyo rekodi fupi inaweza kuvuka kikomo bila dalili yoyote kuonekana kwenye maandishi yake. Nilizifungua zote moja baada ya nyingine kwa mkono, nikakuta bado tuna nafasi, lakini si kubwa. Atakayeongeza huduma nyingine ya kutuma barua siku zijazo ahesabu upya kabla ya kuandika.

DKIM, rekodi inayobeba ufunguo wa kuthibitisha saini za barua, ndiyo iliyotoa kosa la wazi zaidi: paneli ilisema thamani ni ndefu kupita kiasi. Rekodi ya TXT huundwa kwa vipande vya maandishi, na kila kipande hakiwezi kuzidi baiti 255, kwa sababu urefu wake huandikwa katika baiti moja tu. Ufunguo wa umma wa biti 2048 ukiandikwa kwa base64 hukaribia herufi 400, hivyo hauwezi kuingia katika kipande kimoja. Kinachotakiwa ni kuugawa katika vipande viwili, kila kimoja ndani ya alama zake za kunukuu, vyote ndani ya rekodi moja:

s1._domainkey  TXT  ( "v=DKIM1; k=rsa; p=MIIBIjANBgkq..."
                      "...wIDAQAB" )

Msomaji wa rekodi huviunganisha vipande hivi bila kuweka nafasi katikati. Hapo ndipo makosa mawili huzaliwa. La kwanza ni kugawa ufunguo katika rekodi mbili za TXT badala ya vipande viwili vya rekodi moja. Rekodi mbili hazina mpangilio wa kudumu na haziunganishwi, kwa hiyo saini hukataliwa. La pili ni nafasi au mstari mpya ulionakiliwa pamoja na ufunguo kutoka kwenye barua ya maelekezo. Paneli yetu hugawa yenyewe endapo thamani imebandikwa bila alama za kunukuu, na ilikataa kwa sababu tulibandika zikiwemo. Baada ya kuzitoa ilipokea, nami nikalinganisha jibu la seva yenye mamlaka na ufunguo halisi herufi kwa herufi kwa kutumia programu. Sitamshauri mtu autegemee ulinganisho wa macho katika jambo hili, kwa kuwa herufi moja ikikosewa ufunguo mzima haufai.

Mwisho wa siku niliongeza DMARC, rekodi inayoeleza barua isiyopita ukaguzi ifanyweje, kwa jina la _dmarc, yenye thamani ya v=DMARC1; p=none; pamoja na anwani ya kupokelea ripoti. Mwenzangu aliuliza kama kistari cha chini kinaruhusiwa, kwa sababu fomu nyingi hukikataa. Katika jina la kompyuta hakiruhusiwi. Katika jina la rekodi ya DNS kinaruhusiwa, na hutumiwa makusudi ili rekodi za aina hii zisigongane na majina ya seva. Mpaka uliopo kweli ni wa urefu: sehemu moja ya jina isizidi herufi 63, na jina zima lisizidi baiti 255.

Alhamisi: jina lipo lakini jibu ni NXDOMAIN

Asubuhi niliongeza rekodi ya A kwa fomu.mradi.example. Seva zote zenye mamlaka zilitoa jibu sahihi papo hapo. Rizolva ya ofisini ikaendelea kusema NXDOMAIN, yaani jina halipo, ingawa TTL ya rekodi ni 300 na muda huo ulikuwa umepita mara nyingi.

Hapa ndipo kanuni ya ngazi nne ilipotusaidia sana. Jibu la kwamba jina halipo nalo huhifadhiwa kwenye akiba, na muda wake hautoki kwenye rekodi, ambayo kwa wakati huo haikuwepo. Kwa mujibu wa RFC 2308 ya mwaka 1998, muda huo hutoka kwenye SOA ya zoni: huchukuliwa namba iliyo ndogo kati ya TTL ya SOA yenyewe na namba yake ya mwisho. SOA yetu ilikuwa na 86400 katika nafasi zote mbili. Mtu mmoja ofisini aliifungua anwani hiyo kabla rekodi haijaongezwa, rizolva ikaambiwa haipo, na ikapewa ruhusa ya kuamini hivyo kwa siku nzima. Waliokuwa wakitumia rizolva nyingine walilifikia jina bila shida, na ndiyo maana taarifa zilizotufikia zilikuwa zikipingana.

Nimeishusha namba hiyo hadi 300 kwa muda wa mradi. Waraka wenyewe unasema kwamba saa moja hadi tatu hufanya kazi vizuri na kwamba zaidi ya siku moja huleta matatizo, kwa hiyo baada ya mradi itakuwa 3600. Kinga bora zaidi ni ya utaratibu: rekodi iongezwe kwanza, ithibitishwe kwa kuiuliza seva yenye mamlaka pekee, na ndipo jina litangazwe kwa watu. Atakayelijaribu jina kupitia rizolva kabla ya wakati hujiwekea mwenyewe jibu la kukanusha.

Alasiri lilijitokeza jambo lililofanana na hilo kwa sura, ila chanzo chake kilikuwa kingine kabisa. Zoni yetu ina rekodi ya nyota, *.kazi.mradi.example, inayojibu kwa kila jina lisilotajwa chini ya kazi.mradi.example, na majaribio.kazi.mradi.example lilikuwa likiitegemea. Baada ya kuongeza TXT ya uthibitisho wa cheti kwa jina la _acme-challenge.majaribio.kazi.mradi.example, tovuti ya majaribio ilitoweka. Jibu halikuwa NXDOMAIN. Lilikuwa NOERROR lisilo na kitu ndani, ambalo maana yake ni kwamba jina lipo lakini halina rekodi ya aina iliyoulizwa. Mara tu rekodi inapowekwa chini ya majaribio, jina majaribio lenyewe huhesabiwa kuwa lipo katika mti, hata kama halina rekodi hata moja, na nyota hufanya kazi kwa majina yasiyokuwepo tu. RFC 4592 ya mwaka 2006 inaeleza haya kwa kirefu. Dawa ni kulipa majaribio.kazi.mradi.example A na AAAA zake lenyewe. Binafsi naiona rekodi ya nyota kuwa chanzo cha utata mwingi kuliko faida yake, na nimependekeza tuiondoe mara majina yote yanayotumika yatakapokuwa yameorodheshwa.

Cheti chenyewe kilikataliwa na mtoaji hata baada ya TXT kuonekana. Sababu ilikuwa rekodi ya CAA kwenye kilele, ambayo hutaja watoaji wanaoruhusiwa kutoa vyeti vya kikoa, nayo ilitaja mtoaji wa zamani peke yake. Tangu Septemba 2017 watoaji wa vyeti wanalazimika kuikagua rekodi hii kabla ya kutoa cheti, na wasipoikuta kwenye jina husika hupanda juu hadi kwenye kilele, kwa hiyo rekodi moja ya kilele huyatawala majina yote yaliyo chini yake. Nimeongeza CAA ya pili yenye mtoaji mpya, na ya zamani itaondolewa vyeti vyake vitakapokwisha muda.

Ijumaa: SERVFAIL kwenye kikoa cha majaribio

Kabla ya kubadilisha seva za majina za kikoa kikuu, tulitanguliza kikoa kidogo cha majaribio kilichosajiliwa kwa msajili yule yule. Uamuzi huo umetuokoa. Muda mfupi baada ya kubadilisha NS, baadhi ya watu walikifikia na wengine walipata SERVFAIL, yaani rizolva imeshindwa kutoa jibu. Seva mpya zilikuwa na rekodi zote na zilijibu sawasawa zilipoulizwa moja kwa moja. Amri iliyofichua chanzo ni hii:

dig @192.0.2.53 majaribio-yetu.example A
dig @192.0.2.53 majaribio-yetu.example A +cd

Ya kwanza ilitoa SERVFAIL, ya pili ikatoa anwani. Alama ya cd huiomba rizolva isikague saini za DNSSEC, na tofauti hiyo inatosha kuonyesha kwamba tatizo ni la uthibitisho. Zoni ya zamani ilikuwa imetiwa saini, na rekodi ya DS inayoushuhudia ufunguo wake ilikuwa bado imo kwenye kikoa mzazi. Seva mpya hazikuwa na ufunguo huo. Rizolva inayokagua ikaona mzazi anaahidi saini ambayo mtoto haitoi, na ikakataa, kama inavyotakiwa kufanya. Rizolva isiyokagua haikuona tatizo lolote.

Mpangilio sahihi kwa kikoa kikuu umeandikwa hivi: kwanza DS iondolewe kwa msajili wakati seva za zamani bado zinafanya kazi, kisha tusubiri hadi TTL ya DS hiyo iishe, kwa kuwa rizolva zilizokwisha kuichukua zitaendelea kuidai, ndipo NS zibadilishwe, na baada ya kuthibitisha kila kitu, zoni mpya itiwe saini na DS yake ipelekwe kwa mzazi. Ipo njia ya kuhama bila kuacha saini hata kidogo, kwa watoa huduma wawili kutangaza funguo za kila mmoja, lakini inahitaji ushirikiano wa pande zote mbili ambao hatunao.

Jumamosi: seva ya pili iliyobaki nyuma

Tunaendesha wenyewe seva ya pili inayochukua nakala ya zoni kutoka seva kuu. Nilipoziuliza SOA, ya pili ilikuwa na namba ya mfululizo, inayoonyesha toleo la zoni, kubwa kuliko ya seva kuu, na ndiyo sababu haikuchukua chochote kipya: kwa hesabu yake, nakala iliyonayo ndiyo mpya zaidi. Namba hizi huandikwa kwa desturi kwa mwaka, mwezi, siku na tarakimu mbili za mwisho. Katika faili la zamani siku iliandikwa kabla ya mwezi. Kwa mfano, 31 Mei 2024 huwa 2024310501 kwa mpangilio huo, namba ambayo ni kubwa kuliko 2024060301 ya 3 Juni mwaka huo huo iliyoandikwa sawasawa.

Kuiteremsha namba moja kwa moja hakufai. Namba ya mfululizo ni ya biti 32, na RFC 1982 inaeleza kwamba hulinganishwa kwa mzunguko. Tuliongeza 2147483647 juu ya namba iliyopo, tukahakikisha seva ya pili imeichukua, kisha tukaweka namba sahihi, ambayo kwa hesabu ya mzunguko ikaonekana kuwa iko mbele. Nakala ilichukuliwa mara moja. Ingewezekana pia kuifuta nakala ya zamani kwenye seva ya pili na kuiacha ichukue upya, kwa kuwa tunaimiliki wenyewe. Njia ya namba ni ya lazima pale seva ya pili inapokuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Jumatatu: kikoa kikuu kimehamishwa

DS ya zamani iliondolewa na TTL yake imekwisha. NS zimebadilishwa kwa msajili. Nilizilinganisha rekodi za NS zilizoko kwa mzazi na zilizoko ndani ya zoni yenyewe, na zinafanana. Njia nzima kuanzia seva za mizizi nimeifuata kwa amri ya dig +trace bila kukuta ngazi inayojibu tofauti. Barua za majaribio zimefika pande zote mbili, na SPF, DKIM na DMARC zimepita katika vichwa vya barua zilizopokelewa.

Seva za zamani hazijazimwa. Ukasimishaji, yaani rekodi za NS zinazoelekeza kwenye seva zetu, katika kikoa chetu mzazi una TTL ya 172800, ambayo ni siku mbili, na kwa muda huo zipo rizolva ambazo bado zinaziuliza seva za zamani kwa haki kamili. Zoni ya huko imewekewa rekodi zile zile za zoni mpya, ili yeyote atakayeuliza popote apate jibu moja.

Yaliyobaki ni kupandisha TTL za A, AAAA na MX hadi 3600 pamoja na namba ya mwisho ya SOA, kutia saini zoni mpya na kupeleka DS kwa msajili, kuondoa rekodi ya nyota, na kusoma ripoti za DMARC kabla ya kuigeuza p=none (barua isichukuliwe hatua) kuwa p=quarantine (barua itengwe).